Goti la Paskalina

"Thelathini na mbili," alisema Bi Sitara, macho yake yakiwa kwenye nazi aliyokuwa akiikuna.

"Ni thelathini na sita, bibi."

"Anayehesabu nani? Nyanyua."

Paskalina akanyanyua. Alikuwa ameketi uani juu ya sanduku la mbao lililowahi kubebewa chai, na kwenye kifundo cha mguu wake wa kulia ilifungwa soksi ya kijivu ya mtoto wa shule, imejazwa mchanga mpaka shingoni. Kazi ilikuwa kuunyoosha mguu mpaka ulingane na paja, kuushikilia hapo kwa muda wa Bi Sitara kukuna nazi mara tano, kisha kuushusha polepole. Mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. Soksi ilikuwa na uzito wa kilo moja na robo. Alijua kwa sababu aliipima mwenyewe kwenye mizani ya dukani, na siku hiyo alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Mwanamke aliyekuwa akitupa chuma cha kilo nne kikaanguka mita kumi na tatu mbele yake, leo anatokwa jasho kwa ajili ya soksi!

"Thelathini na nane," alisema Bi Sitara. Alikuwa ameruka kadhaa, pengine kwa huruma.

Nyumba ilikuwa ya Bi Sitara, Mtaa wa Narung'ombe, vyumba sita na ukumbi katikati, na Paskalina alipanga chumba cha mwisho karibu na jiko. Bi Sitara alikuwa mtu wa mji huu tangu enzi za bibi wa bibi yake, na aliwahesabu wote waliokuja baadaye kuwa wageni wake binafsi. Paskalina alikuja kutoka Peramiho, huko Songea. Alikuwa amepitia Jeshi la Kujenga Taifa, na huko sajini mmoja alimwona akirusha matofali juu ya jukwaa la mafundi kana kwamba anarusha machungwa, akamletea tufe. Miaka minne sasa. Mchana alipima sukari na unga katika duka la ushirika karibu na soko la Kariakoo. Jioni alikwenda uwanjani Ilala kutupa tufe. Hakuwa na maisha mengine, wala hakuyatafuta.

Hadi jioni moja ya masika, mwezi wa tatu. Mtupaji wa tufe huanza kwa kuupa uwanja kisogo. Anakiweka chuma shingoni, chini ya taya, anakunja goti la kulia mpaka anakaribia kuchuchumaa, kisha anateleza kinyumenyume ndani ya duara, na ule mguu uliokunjwa ndio unaolisukuma tufe kutoka chini mpaka ncha za vidole. Jioni ile saruji ya duara ilikuwa na unyevu. Mwili uligeuka, mguu ukabaki. Waliokuwa karibu walisikia mlio wa kuni kavu, na kwa muda walitazamana wakijiuliza ni nani aliyevunja ubao.

Hospitali walilipasua goti, wakaishona kano iliyokatika, wakamtia plasta wiki sita. Plasta ilipokatwa, mguu uliotoka ndani haukuwa wake. Ulikuwa mwembamba kama wa mgonjwa wa siku nyingi, umepauka, na ulipoambiwa ujikunje ulikataa kabisa. Hapo ndipo alipokutana na Dada Candida, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kukandia chapati na asiyejua kubembeleza. Candida ndiye aliyeleta habari za soksi. Candida ndiye aliyemfundisha kupanda ngazi upya, kwanza mguu mzima, halafu mgonjwa, kama mtoto. Na Candida alikuwa na makatazo mawili, aliyoyarudia kila Alhamisi kama mtu anayesali rozari: asiteleze kwenye duara kabla ya Krismasi, na asipige goti.

"Hata kanisani?" Paskalina aliwahi kuuliza.

"Hata aje Askofu mwenyewe. Kupiga goti ndiko kunakovuta pale pale nilipotengeneza. Kaa kwenye benchi, Mungu anakuona."

Sasa ulikuwa mwezi wa nane, na Krismasi ilikuwa mbali, na Jumamosi ilikuwa karibu. Jumamosi hiyo ndipo timu ya kwenda Lusaka ingechaguliwa. Kwa wanawake wa tufe nafasi ilikuwa moja. Mwalimu Kitwana, kocha wake, hakulifuta jina la Paskalina kwenye orodha miezi yote hiyo mitano; alikuwa amemwambia tu, "Njoo utupe mara tatu kama wenzako. Nikiona mita kumi na mbili, nakuchukua hata ukichechemea."

Timu ingekwenda kwa treni ya TAZARA. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Paskalina usingizi. Treni hiyo ya Zambia hupita Makambako, na Makambako ndipo watu wa Songea wanaposhuka kupanda basi la kwao. Alijiona amesimama dirishani na suti ya michezo ya taifa, treni imesimama, na baba yake yuko pale jukwaani. Baba yake hakuwa na sababu yoyote ya kuwa Makambako, mwendo wa siku nzima kutoka kijijini, lakini ndoto haziulizi ratiba. Miaka minne hawakuonana. Siku aliyoondoka, mzee Leodegar alisimama mlangoni akasema, "Chuma hicho kitakuvunja, mama. Na kikikuvunja usiniite." Tangu hapo Paskalina aliandika barua mbili kila mwaka, Pasaka na Krismasi, akasema yu mzima wa afya. Habari za goti hakuandika. Angeandikaje?

Sukari ilifika Jumatano. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imepinda kona ya mtaa, nusu yake watu na nusu yake matofali, makopo, vikapu na kandambili moja iliyochakaa, maana kila aliyekuwa na shughuli nyingine aliacha kitu kimshikie nafasi. Paskalina alisimama nyuma ya kaunta akichota na kumimina. Akina mama wa Kariakoo walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa na mizani yake. Alichota mara moja, akamimina mara moja, na mshale ukasimama penyewe. Hakuongeza wala kupunguza.

"Mzee, si usogee?" sauti ilisikika mlangoni. "Unamngoja nani?"

"Namngoja mwenye tofali hili," alijibu mzee mmoja kwa upole. "Yeye ametangulia."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Paskalina naye alikuwa ameanza kucheka, kisha akaitambua sauti, na kopo la kuchotea likabaki hewani.

Alikuwa amevaa koti lile lile la kahawia, sasa limemzidi mabega. Kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi la safari. Watu walimsukuma kwa mzaha mbele ya tofali, na kabla Paskalina hajapata pa kuuweka moyo wake, baba yake alikuwa mbele ya kaunta akimtazama.

Kwao binti hamwamkii baba yake akiwa wima. Anatoka alipo, anapiga magoti yote mawili, anainamisha kichwa, ndipo anatoa sauti. Si jambo la kufikiriwa, ni kama kufumba macho vumbi linapokuja. Paskalina alitoka nyuma ya kaunta, na mwili wake ukaanza kushuka wenyewe. Goti la kulia likalia ndani kwa ndani, uzi mmoja wa maumivu ukapanda mpaka nyongani. Akaushika ukingo wa kaunta. Akabaki wima.

Alichagua. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba ni maumivu yaliyomzuia, lakini maumivu yenyewe hayakuwa makubwa kiasi hicho. Wakati ule aliiona akilini ile treni ya Lusaka.

"Shikamoo, baba," alisema akiwa amesimama.

Mzee Leodegar hakumtazama usoni. Alitazama sakafu mbele ya miguu yake, mahali magoti yalipotakiwa kuwa, akapatazama kwa muda, kana kwamba labda yangetokea.

"Marahaba, binti," alisema.

Tangu azaliwe, baba yake hakuwahi kumwita binti. Alimwita mama, kwa kuwa alibeba jina la mama mzazi wa mzee, hata siku ya ugomvi alikuwa amesema, "Chuma hicho kitakuvunja, mama." Paskalina alihisi neno hilo dogo likimwingia kama mwiba wa samaki kooni, halimezeki wala halitoki.

"Ala!" alisema mwanamke mmoja kwenye foleni. "Ndiye baba yako mzazi huyo? Na umesimama hivyo kama mlingoti wa bendera?"

"Nipimie kilo moja," alisema mzee. "Kama wenzangu."

Akampimia. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, mshale ulipita, akapunguza, ukarudi nyuma mno, akaongeza. Angeweza kusema neno moja tu, "naumwa", na mambo yakaisha. Lakini foleni ilikuwa ikisikiliza kwa masikio yote, na mtu wa kuambiwa neno hilo alikuwa yule yule aliyelitabiri.

Mzee Leodegar alikuwa ametumwa na kijiji. Ukanda wa mashine ya kusaga ulikatika tangu mwezi wa sita, akina mama walikuwa wamerudi kwenye vinu, na barua tatu zilizotumwa mjini hazikujibiwa. Basi mkutano ukaamua aende mtu mwenyewe. Akapanda basi, akapanda treni. Bi Sitara alimpokea kama alivyowapokea watu wote, kwa maswali mengi kuliko chai, akampa chumba cha mwanawe aliyekuwa Tanga.

Jioni, kabla jua halijaisha, Paskalina alileta ugali na samaki ukumbini. Alileta na beseni na jagi la maji. Hapo pia palikuwa na namna yake. Binti anapiga goti, anashika beseni, anamwagia baba yake maji mikononi. Paskalina alilitanguliza beseni juu ya kigoda, akainama kutoka kiunoni, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

Mzee akarudisha mikono yake. "Weka. Nitanawa mwenyewe."

Bi Sitara alikuwa kwenye mkeka wake kando ya mlango, akichambua mchele. Akausukuma ungo.

"Mzee wangu, mimi si mtu wa kuingilia ya watu," alisema Bi Sitara, ambaye hakuwa na kazi nyingine. "Lakini leo utanisamehe. Nimekuangalia tangu mchana unavyomtazama mtoto kama mwizi wa kuku. Unajua kwamba goti lake limepasuliwa?"

"Bibi," alisema Paskalina.

"Bibi nini? Limepasuliwa, mzee wangu, limeshonwa kama gunia la mkaa. Miezi miwili alitembelea magongo, chooni nilimpeleka mimi. Mimi ndiye ninayemhesabia asubuhi na jioni anyanyue mguu, na leo unataka akupigie goti. Apige lipi? Aazime langu?"

Nje, muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Mzee Leodegar alikaa vile vile na mikono yake isiyonawa juu ya mapaja.

"Sogea hapa," alisema mwishowe.

Paskalina akasogea, akaipandisha kanga mpaka gotini. Kovu lilianzia juu ya goti, likazunguka upande wa ndani na kushuka, refu kuliko kidole, na pembeni yake kulikuwa na alama ndogo za sindano. Mzee aliinama akalitazama kwa karibu. Hakuligusa.

"Kwetu mtu akiumwa huandika barua," alisema.

"Niliandika, baba. Pasaka niliandika."

"Uliandika u mzima wa afya."

"Niliogopa ungesema uliniambia."

"Ningesema," alisema mzee. Akavuta pumzi ndefu. "Ningesema, ndiyo. Kisha ningekuja."

Paskalina aligeuza uso ukutani. Alilia bila sauti, mabega yakimruka, na Bi Sitara akaurudia mchele wake kwa bidii ya ghafla. Alipoweza kusema, alimwambia baba yake yote, hata yale ambayo angeweza kuyaficha: kwamba dukani goti lingeweza kushuka kama angelilazimisha, na hakulilazimisha kwa sababu ya Jumamosi; na Jumamosi ni ya Lusaka; na Lusaka ni ya treni; na treni husimama Makambako.

"Na mimi huko Makambako ningekuwa nafanya nini?" aliuliza mzee.

"Sijui. Ungekuwa umesimama tu."

"Ningekuwa shambani." Akanyoosha mikono juu ya beseni. "Haya, nimwagie maji, mama. Simama hivyo hivyo."

Alhamisi mzee alikwenda ofisini kufuatilia ukanda. Alirudi saa nane akasema wamemwambia arudi Jumatatu, mambo ya ofisi hayo, afanyeje. Bi Sitara, aliyeingia chumbani kwake kufagia, aliuona ukanda umekunjwa mviringo ndani ya kikapu, mpya, bado una poda ya kiwandani. Kwa mara moja katika maisha yake hakumwambia mtu.

Siku hiyo hiyo Candida alilibonyeza goti pande zote, akalikunja, akalinyoosha, akamwambia Paskalina asimame kwa mguu mmoja mpaka amwambie basi.

"Ni zuri," alisema. "Limekuwa zuri kuliko nilivyotegemea. Kwa hiyo najua unachotaka kuniuliza, na jibu ni lile lile. Jumamosi utatupa kwa kusimama."

"Kwa kusimama sijawahi kufika mita kumi na moja, Dada Candida. Mwalimu anataka kumi na mbili."

"Sikiliza. Kano ile ni kama mshono wa kwanza kwenye kitambaa kilichochanika. Ukiuvuta mapema, hautachanika uzi peke yake, kitambaa nacho kitakwenda, na daktari hatakuwa na pa kushonea. Utatembea na fimbo una miaka ishirini na sita." Candida alisimama, akaosha mikono. Akiwa amempa mgongo aliongeza, "Mimi pia ningependa uende. Usidhani sipendi."

Jumamosi asubuhi walitembea mpaka Ilala, baba na binti, kwa mwendo wa goti. Mzee alibeba mfuko wa viatu vya Paskalina. Barabara ya Msimbazi ilikuwa imejaa mikokoteni, na mara mbili mzee alimsogeza binti yake upande wa ndani bila kusema kitu. Uwanjani kulikuwa na vumbi na watu wachache, wengi wao wanamichezo wenyewe na ndugu zao. Mwalimu Kitwana alimwamkia mzee kwa heshima zote, akamketisha kwenye benchi la wapimaji, kisha akamvuta Paskalina kando.

"Umekunja goti mpaka wapi?"

"Mpaka nusu, mwalimu."

"Basi teleza nusu. Teleza hata kidogo tu. Evarista yuko kumi na mbili na nukta nne, ameshamaliza. Nukta nne, Paskalina! Wewe nukta nne ulikuwa unazitupa ukiwa na mafua."

Evarista alikuwa msichana wa Masasi, mwenye miaka kumi na tisa. Paskalina mwenyewe ndiye aliyemfundisha mahali pa kulikalisha tufe shingoni. Sasa alikuwa amekaa majanini, anafungua na kufunga kamba za viatu, hataki kuinua macho.

Mtupo wa kwanza Paskalina aliutupa kwa kusimama. Mita kumi na sentimita kumi. Wa pili, kumi na sitini na mbili. Mkono ulikuwa mzima, mgongo mzima, bega lilikuwa likilia njaa ya kazi. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kile cha chini kinachowasha moto. Alilifuta tufe kwa kitambaa, akalishika kwenye viganja, na ubaridi wake ukamrudishia jioni zote za miaka minne. Jinsi alivyokuwa amelikumbuka! Kitandani, na plasta, alikuwa akiota uzito wake shingoni, akiamka anajishika mahali patupu.

Wa tatu, aliingia kwenye duara akaupa uwanja kisogo.

Mwalimu Kitwana akaikunja mikono kifuani. Paskalina aliliweka tufe chini ya taya, akaushika mguu wa kulia kwa mawazo kabla ya kuushika kwa mwili, akaanza kulikunja goti. Robo. Nusu. Likafika pale ambapo zamani lilipita bila kujua kuna mahali, likaanza kutetemeka. Halikuuma. Lilitetemeka tu, kama mnyama aliyewahi kupigwa mahali hapo. Mbele yake, nje ya duara, alikuwepo baba yake kwenye benchi, ameinuka nusu, kofia ameikamata kwa mikono miwili.

Aliogopa. Aliogopa fimbo, aliogopa mlio wa kuni, aliogopa kulala tena akitazama dari la hospitali. Ilikuwa hofu ya kawaida kabisa, ya mtu yeyote, naye alikuwa amejidhania kwamba hana. Akasimama wima. Akageuka polepole, akautazama uwanja, akapanua miguu, na akalitupa tufe kwa kusimama, kwa nguvu zote alizokuwa nazo kutoka kiunoni kwenda juu, na sauti iliyomtoka iliwashtua kunguru kwenye uzio.

Wakapima. Mita kumi na sentimita tisini na moja.

"Haijapata kutupwa hivyo kwa kusimama hapa," alisema mpimaji mmoja kwa sauti ya chini, lakini hilo halikuwa na safu kwenye daftari. Mwalimu Kitwana aliandika, akafunga, akaja kumshika bega. "Mwakani," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua jinsi mwakani kulivyo mbali. Evarista alimkumbatia akalia yeye, na Paskalina akampigapiga mgongo mpaka akanyamaza, akamwambia ajifunike vizuri kwenye treni maana Makambako kuna baridi. Kisha wote wakahamia upande wa pili wa uwanja kuangalia mkuki.

Paskalina alibaki ndani ya duara. Alikuwa ametaka kwenda Lusaka kuliko alivyowahi kutaka chochote, na sasa safari ile ilikuwa ya mtu mwingine, na kinywa kilikuwa kichungu kama aliyetafuna mwarobaini. Alisubiri goti litulie ili akalifuate tufe lake. Hakuna aliyekumbuka kulirudisha.

Alipoinua macho, mzee Leodegar alikuwa ameshaingia uwanjani, bila kumuuliza mtu, moja kwa moja mpaka pale tufe lilipolala. Aliinama akaliinua kwa mkono mmoja, akashindwa, akatia wa pili. Akalitazama. Akakitazama na kishimo kilichobaki ardhini.

"Ndilo hili?" aliita kutoka kule.

"Ndilo, baba."

"Na ulikuwa hapo hapo ulipo?"

"Hapa hapa."

"Umesimama tu?"

"Nimesimama tu."

Mzee alikitazama tena kishimo, halafu akamtazama binti yake, halafu wapimaji waliokwisha kuondoka na utepe wao. Kijijini ni yeye aliyeitwa majirani walipogombania mipaka ya mashamba, na hakuwa mtu wa kuamini kipimo asichokikanyaga. Akaweka kisigino chake ndani ya kishimo. Akalikumbatia tufe tumboni na kuanza kumjia, hatua moja baada ya nyingine, mguu ukinyooka, akihesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili."

Vumbi lilimpanda mpaka kwenye pindo za suruali. Hatua zake zilikuwa zimefupika kuliko Paskalina alivyozikumbuka.

"Tano. Sita."

Paskalina hakumfuata, wala hakumwambia kwamba imeshapimwa. Alisimama kwenye saruji, mguu wa kulia ukiwa bado unatetemeka, akimwangalia anavyokuja, na akatamani kwa moyo wake wote kwamba angelitupa mita kumi na tatu kama zamani. Mzee angekuwa na hatua tatu zaidi.

"Nane," alisema mzee Leodegar. Akasimama kidogo kupumua, akalihamishia tufe upande wa pili, akaendelea.